Tunawapenda, Lakini: Miaka Arobaini ya Michezo ya Smurf



Jumamosi moja nilikuwa nimekaa saluni pale Porte de Namur, ndani ya galeri ya Matonge, nikisubiri zamu yangu ya kunyolewa. Wanaozijua saluni zetu wanajua kwamba kusubiri huko si kwa dakika kumi. Upande mmoja wananyolewa wanaume, upande wa pili wanasukwa akina mama, na ukutani kuna runinga. Siku hiyo mbele ya runinga alikaa binti wa miaka saba hivi, mama yake akiwa kwenye kiti cha kusukwa. Alikuwa anacheza mchezo wa video wa Smurf, vile vijitu vya bluu vyenye kofia nyeupe.

Kijana mmoja wa miaka arobaini kasoro, aliyekuwa kwenye foleni mbele yangu, akatazama kidogo kisha akasikitika. "Huu nao ni mchezo? Hata ukifumba macho unashinda. Sisi tulicheza ule wa mwaka 1994. Ule ulikuwa unakutoa machozi."

Kinyozi, mzaliwa wa Bukavu, akanigeukia akicheka: "Kweli, mzee, ule ulitutesa sana. Lakini ulikuwa wetu."

Mama aliyekuwa anasukwa akasema bila kugeuza kichwa: "Mimi namwacha mtoto acheze. Lakini hao watu wa bluu siwapendi sana, na nina sababu zangu."

Nilirudi nyumbani na sauti hizo tatu kichwani. Mmoja anasema mchezo umelegea, wa pili anasema ulikuwa mkali lakini anautamani, na wa tatu anaruhusu huku moyo umesita. Wote watatu ni watu waliokaa na Smurf miaka mingi. Mimi ni mhandisi, si mhakiki kwa kazi, lakini nimelea watoto wawili katika mji huu na michezo hiyo nimeicheza nao. Basi nitajaribu kuzijibu sauti hizo moja moja.

Nianze na wenyewe. Smurf ni wenyeji wa Bruxelles kuliko wengi wetu. Aliyewabuni, Pierre Culliford, aliyejulikana kwa jina la Peyo, alizaliwa Schaerbeek mwaka 1928. Walitokea mara ya kwanza kwenye jarida la Spirou tarehe 23 Oktoba 1958, kama wageni tu ndani ya hadithi ya watu wengine, Johan na Pirlouit. Kwa Kifaransa wanaitwa Schtroumpfs. Jina la Smurf ni la Kiholanzi, na ndilo Waingereza na Wamarekani walilolichukua.

Inasimuliwa kwamba neno lenyewe lilizaliwa mezani. Peyo alikuwa anakula na mchoraji mwenzake Franquin, akataka apewe chumvi, neno likamkwama, akasema nipe hiyo schtroumpf. Mwenzake akamjibu kwa neno hilohilo, na mzaha ukaendelea. Ndiyo maana Smurf wenyewe huweka neno hilo popote panapokosa neno, na wanaelewana. Sisi Waswahili hatuhitaji kufundishwa jambo hilo. "Hebu niletee ile nanihii iliyo juu ya nanihii, mwambie nanihii akusaidie," na mtoto huenda akaleta kitu chenyewe hasa kilichotakiwa. Nanihii ni lugha ya watu wanaokaa pamoja. Mgeni haielewi, kwa sababu nusu ya maneno yamo ndani ya nyumba.

Hivyo hadithi za Peyo zina nguzo mbili: kijiji, na lugha ya kijiji. Smurf kama mia hivi wanaishi kwenye uyoga, kila mmoja na kazi yake au tabia yake, na mzee mwenye ndevu nyeupe ndiye anayesikilizwa. Fedha hawana. Katika Le Schtroumpf financier, kitabu cha mwisho alichokifanyia kazi Peyo kabla ya kufariki Desemba 1992, mmoja wao analeta fedha na kijiji nusura kivunjike. Katika kitabu cha mwaka 1973, watu wa upande mmoja wa kijiji wanagombana na wa upande wa pili kuhusu neno lipi ni sahihi, na Mbelgiji yeyote anayekisoma anajua anachekwa yeye. Wale tuliotoka Tanzania tuliona vijiji vya ujamaa kwa macho yetu, wengine tukiwa watoto wa Operesheni Vijiji ya mwaka 1973 hadi 1976. Kijiji cha namna hiyo tunajua uzuri wake na makali yake. Pengine ndiyo maana nilivipenda vitabu hivi haraka nilipofika hapa kama mwanafunzi.

Sasa tuje kwenye michezo. Aina inayozungumzwa hapa ni ile ya kurukaruka: mhusika anakimbia, anaruka mashimo, anapanda vibao vilivyoning'inia hewani, anakwepa maadui mpaka afike mwisho wa hatua. Smurf wameingizwa humo tangu mwaka 1982, na hawajawahi kuwa na fundi mmoja. Kwanza walikuwa kwa Coleco ya Marekani, kisha kwa Infogrames ya Lyon, halafu wakapita kwa Ubisoft, na tangu mwaka 2021 wako kwa Microids ya Ufaransa. Ni kama mtoto aliyelelewa na mashangazi wanne. Kila mmoja alimpenda, na kila mmoja alimfundisha adabu yake.

Mchezo wa Coleco wa mwaka 1982 ulitoka mwaka mmoja baada ya katuni za Smurf kuanza kwenye runinga za Marekani. Smurf mmoja anatoka kijijini, anaruka nyua na miamba, nguvu zake zikipungua njia nzima, mpaka afike kwenye ngome ya yule mchawi Gargamel kumwokoa Smurfette. Basi. Kijiji ni mahali pa kuondokea tu.

Ule wa Infogrames wa mwaka 1994 ndio anaoulilia kijana wa saluni. Ulitoka kwenye mashine za Nintendo na za Sega. Kwa macho ulikuwa mzuri kweli: rangi za vitabu zimehifadhiwa, nyuso zina mzaha, hata mwendo wa Smurf una kitu cha mkono wa Peyo. Lakini ukishaanza kucheza unagundua kwamba uzuri huo umefunika mtego. Unateleza kwenye theluji na vikwazo vinakujia kabla jicho halijaviona. Unaruka mgongoni mwa korongo na huna pa kukwepea. Watoto wa miaka minane walinunuliwa mchezo huo kwa sababu ya sura ya kwenye boksi, wakakutana na kitu ambacho hata baba zao hawakukiweza.

Kwa nini ulikuwa hivyo? Hapa naomba ruhusa niseme kidogo kama mhandisi. Kaseti za mashine hizo zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno. Picha nzuri zinakula nafasi, kwa hiyo zinabaki hatua chache. Mtengenezaji mwenye hatua chache ana njia rahisi ya kuurefusha mchezo: kumrudisha mchezaji nyuma tena na tena. Mchezo ambao fundi mzoefu anaumaliza kwa muda mfupi, mtoto anakaa nao mwaka mzima. Mzazi anaona thamani ya pesa yake imepatikana, ingawa mtoto analia.

Kuna jambo la pili ambalo mashabiki wengi hawalijui. Runinga za Ulaya za wakati ule zilichora picha mara 50 kwa sekunde, za Marekani na Japani mara 60, na michezo mingi ilihesabu mwendo wake kwa picha hizo. Toleo la mchezo huu la mashine ya NES liliuzwa Ulaya tu, likapimwa kwa mwendo wa hapa. Siku hizi watu huucheza kwenye kompyuta kwa programu zinazoiga mashine za zamani. Programu ikiwekwa kwenye mwendo wa Marekani, mchezo unakwenda kasi zaidi kwa moja ya tano. Basi baadhi ya wanaoutukana leo wanautukana ukiwa umekimbizwa kuliko ulivyokusudiwa. Kabla ya kuhukumu kazi ya mtu, tuiweke kwanza kwenye mizani yake.

Hata hivyo, ukiwa kwenye mwendo wake halisi, nasema bado una kosa, na hapa natofautiana na kijana wa saluni. Kuna ugumu wa haki na ugumu wa kuvizia. Ugumu wa haki unakuonyesha shimo, unakupa miguu ya kuliruka, na ukianguka unajua umekosea nini. Ugumu wa kuvizia unakuangusha kwanza, kisha unakutaka ukumbuke mahali ulipoangukia. Wa pili haujengi ustadi, unajenga kukariri. Tuliosoma shule ambazo mwalimu alitaka jibu lirudi neno kwa neno, fimbo ikiwa mezani, tunaujua ugumu huo. Tukifaulu tulijisifu, na mpaka leo tunasema shule za zamani ndizo zilikuwa shule. Lakini tunachokisifu ni ule uvumilivu wetu. Kijana yule analilia utoto wake, siku za Jumatano mchana shule ikiwa imefungwa, na kaka zake wakipokezana vitufe mmoja akishakufa. Kinyozi alilisema vizuri zaidi aliposema mchezo "ulikuwa wetu". Mateso yale waliyapata pamoja.

Na hapo ndipo penye lawama yangu kubwa kwa michezo ya zamani. Kijiji kiligeuzwa kuwa njia. Hadithi yote ya Smurf ni kwamba hakuna anayeweza jambo peke yake: mwenye nguvu hana akili, mwenye akili hana stara, fundi hana subira, na mzee anawashikilia wote. Michezo ikamchukua mmoja, ikamtupa barabarani, ikamwambia kimbia. Nguzo ya lugha nayo ikaanguka, kwa maana anayekimbia peke yake hana wa kumwambia nanihii. Ungeweza kuchukua picha yoyote nyingine, ya sungura au ya paka, ukaibandika pale, na mchezo usibadilike. Uzuri ulikuwa ngozi tu.

Mwaka 2021 ulitoka mchezo mpya, unaoitwa kwa Kifaransa Mission Malfeuille. Gargamel ameeneza mmea wenye sumu, na Smurf wanatoka kuitibu nchi kwa mashine aliyoibuni fundi wao, inayobebwa mgongoni na kunyunyizia dawa. Humo unaweza kutembea kijijini kwa raha yako, ukasimama, ukazungumza na majirani. Mhusika anabadilika kadiri hadithi inavyokwenda, na Smurfette, ambaye mwaka 1982 alikuwa zawadi ya kuokolewa, sasa ni miongoni mwa wanaotoka kwenda kazini. Mapungufu yapo. Baada ya saa chache unajiona bwana shamba anayepiga dawa shamba lisilokwisha, mmea baada ya mmea. Wanaolalamika kwamba mchezo ni rahisi hawasemi uongo, lakini nadhani wanachokihisi hasa ni kuchoshwa na kurudiarudia kazi ileile.

Mwaka 2023 ukafuata wa pili wake, na mwaka 2024 ukatoka Smurfs – Dreams, aliokuwa anaucheza yule binti. Huu ndio ulio karibu zaidi na Peyo kwa maoni yangu. Wanakijiji wamelala usingizi wa uchawi, na anayecheza lazima aingie ndotoni mwa majirani ili awaamshe. Wawili wanaweza kucheza bega kwa bega. Ni mrahisi, naam, lakini urahisi wake una sababu: ili kumwamsha jirani ni lazima kwanza uone anaota nini. Safari yako yote ni kumjua mtu wa kijijini kwako. Njia imeanza kurudi kuwa kijiji.

Ningeishia hapo kama si sauti ya tatu, ya yule mama. Nilimuuliza sababu zake. Akasema mbili, na nitaziandika kama alivyozisema.

Ya kwanza ni nywele. Smurfette alitokea mwaka 1966, ameumbwa na Gargamel ili alete fitina kijijini. Mwanzoni nywele zake zilikuwa nyeusi, na hakuna aliyemtamani. Mzee wa kijiji akamtengeneza upya, akatoka na nywele za rangi ya dhahabu, na kijiji kizima kikampenda. "Nikamsomee nini mtoto hapa," akasema mama, "na nywele zake ziko kwenye kitana?" Nilitazama kuzunguka saluni, nikakosa jibu.

Ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1959 Peyo alitoa hadithi ya Les Schtroumpfs noirs, ambayo mwaka 1963 ikawa kichwa cha kitabu cha kwanza cha Smurf. Nzi anamng'ata Smurf, anageuka mweusi, anasahau kusema, anabaki kurukaruka na kupiga ukelele mmoja tu, na anawang'ata wenzake mkiani ili nao wawe weusi. Kijiji kinapigana mpaka dawa inapatikana na wote wanarudi kuwa bluu. Katuni za Marekani za mwaka 1981 zilibadilisha rangi hiyo kuwa zambarau, na kitabu kilipotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2010 kikawa vilevile. Kwa Kifaransa jina limebaki lilivyokuwa. Mwaka 2011 Antoine Buéno, mwandishi Mfaransa, aligusa jambo hili katika kitabu chake kuhusu siasa za kijiji cha Smurf, na mashabiki wengi wakamkasirikia kana kwamba amemtukana mama yao.

Wanaoitetea husema kwamba weusi ule ni wa ugonjwa, si wa watu. Huenda ni kweli. Siwezi kuingia moyoni mwa marehemu. Lakini naomba tutazame kalenda. Maonyesho makubwa ya dunia, Expo 58, yalifanyika Heysel, hapahapa Bruxelles, yakafungwa tarehe 19 Oktoba 1958. Ndani yake kulijengwa "kijiji cha Wakongo", ambamo watu walioletwa kutoka Kongo walikaa nyuma ya uzio wakitazamwa. Baadhi ya watazamaji waliwatupia ndizi na karanga, na wenyewe walikataa kuendelea, wakaondoka kabla maonyesho hayajaisha. Siku nne baada ya Expo kufungwa, Smurf walitokea kwenye Spirou. Sisemi jambo moja lilizaa lingine. Nasema mji mmoja, katika mwaka mmoja, ulikuwa na vijiji viwili, kimoja cha karatasi na kimoja cha watu, na mtoto anayekua Matonge anarithi vyote viwili. Mama yule hakuhitaji kalenda kulijua hilo.

Je, tuwafiche watoto? Mimi sikuwaficha wangu, na sioni kama ingewezekana. Ukitoka Porte de Namur ukateremka kwa miguu mpaka Gare Centrale, utakuta Smurf wamechorwa juu ya dari ya njia ya wapita kwa miguu tangu mwaka 2018. Mwaka huohuo Brussels Airlines ilipaka ndege nzima picha zao. Ni mali ya mji, na watoto wetu ni watoto wa mji. Binti yangu alipokuwa na miaka tisa aliniletea kitabu kile, akaniuliza kwa nini weusi ndio ugonjwa. Tulikaa tukakisoma mpaka mwisho, kisha nikamweleza habari ya Heysel kwa kadiri ya umri wake. Alinyamaza muda mrefu. Baadaye akasema, "Basi hawakujua kusema kwa sababu hakuna aliyewasikiliza." Maneno hayo sijayaona kwa mhakiki yeyote.

Kwa hiyo naliona jambo jingine ndani ya mchezo wa mwaka 2021, ambalo wanaolilia ugumu wa zamani hawalitazami. Maambukizi bado ni kiini cha hadithi, kama mwaka 1959. Lakini safari hii ugonjwa uko kwenye mimea, na kazi ya Smurf ni kutibu. Hakuna anayegeuzwa rangi na kufukuzwa. Sijui kama watengenezaji walikaa wakalipanga hivyo. Ila mzazi akiweka kitabu kando ya mchezo, ataona kwamba jambo lilisogezwa kutoka mahali pabaya likawekwa mahali pa afadhali. Si toba, lakini si bure.

Hukumu yangu basi ni hii. Mchezo wa mwaka 1994 utazameni kwa uzuri wa picha zake, mkiucheza uchezeni kwa mwendo wa 50, na msimpe mtoto mdogo peke yake. Wa mwaka 2021 unafaa kwa anayetaka kukaa kijijini, mradi asimalize shamba lote kwa siku moja. Dreams chezeni wawili. Na vitabu visomeni pamoja na watoto, hasa vile vinavyouma.

Turudi saluni. Binti alikwama mahali, akatazama huku na huku, akamnyooshea yule kijana vitufe vya pili: "Tonton, njoo unisaidie." Kijana akakaa sakafuni kwa majivuno ya mtu wa mwaka 1994. Akaanguka shimoni. Akaanguka tena. Mara ya tatu binti akamwambia kwa upole, "Usikimbie. Ningoje." Saluni nzima ilicheka, na mama yake akageuza kichwa kwa mara ya kwanza, msusi akalalamika.

Zamu yangu ya kunyolewa ilipofika, nilimpisha mtu mwingine.

Tukutane toleo lijalo, inshallah.